Kaseti Iliyobaki Kukaguliwa

Mwalimu Kengele hakuwa mtu wa kuomba. Miaka yote aliyokuwa makamu wa mkuu wa shule aliagiza tu, na alipostaafu akaendelea kuagiza nyumbani, maana ulimi haukuletewa barua ya kustaafu. Ndiyo sababu bintiye alipopokea simu na kusikia sauti ile ikisema, "Nina kazi imenishinda, naomba uje," alirudisha brashi kwenye kopo la rangi, akashuka ngazi taratibu, akakaa kwenye kipandio cha chini.

Binti mwenyewe mtaa mzima ulimwita Brashi. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka: vinyozi, maduka ya dawa, mafundi viatu, na yule muuza magodoro aliyetaka herufi kubwa kuliko duka lenyewe. Alikuwa na rangi kwenye kucha hata akienda harusini.

"Kazi gani, Mama?" aliuliza.

"Uje na macho yako. Yangu hayatoshi."

Kuhusu macho alijua. Presha ya macho ilikuwa imeshalizima la kushoto, na la kulia lilikuwa likijifunga kutoka pembeni, siku hata siku. Jumatatu Mwalimu alikuwa anakwenda kupasuliwa. Daktari alikuwa mkweli, tena mkweli kupita kiasi kwa maoni ya Brashi: upasuaji ungeweza kulinda kidogo kilichobaki, au usilinde, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akamsahihisha neno moja alilolitamka vibaya, akaondoka.

Leo ilikuwa Jumamosi. Brashi alimwachia kinyozi bango lenye nusu ya kichwa cha mteja, akaenda.

Alimkuta mama yake sebuleni, kiti kimesogezwa dirishani, na mbele yake kabati la bati la kijivu limefunguliwa milango yote miwili. Brashi alisimama mlangoni akilitazama.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba. Ingia, unanizibia mwanga."

Kabati lile alilijua. Shule nzima ililijua. Lilikaa nyuma ya meza ya Mwalimu Kengele, na kila kitu kilichokamatwa darasani kiliishia humo: manati, rula zilizochongwa visu, barua za mapenzi, na zaidi ya vyote, gemu. Enzi hizo watoto walipagawa na kimashine kimoja cha mkononi, kizito kidogo kuliko kipande cha sabuni, chenye kioo cha kijani na batani chache, na nyuma tundu la kuchomekea kaseti. Kila kaseti ilikuwa gemu moja. Sheria ya Mwalimu ilikuwa nyepesi: ukikamatwa, gemu inaingia kabatini, na mwisho wa mwaka mzazi wako anakuja kuichukua. Sasa wewe fikiria mtoto anayekwenda kumwambia baba yake maneno hayo. Wengi walikaa kimya wakakubali hasara. Mwaka baada ya mwaka kabati likajaa, na Mwalimu alipostaafu, shule ikamwambia aondoke nalo.

Lakini Brashi hakuwahi kuliona ndani. Alidhani atakuta rundo la takataka. Alichokiona ni maktaba. Kaseti zilisimama wima, mgongo kwa mgongo, rafu hadi rafu, zimepangwa kwa aina: za mbio, za vita, za mafumbo, za mashamba, za mpira, nyingine hata jina halisomeki. Kwenye kila moja kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe, na juu ya plasta, kwa wino mwekundu, mwandiko ambao mtoto yeyote aliyepita shule ile angeutambua hata usingizini.

Alichomoa moja. *4/10. Mwisho wa kivivu.* Akachomoa nyingine. *8/10. Muziki safi sana. Farasi hana akili.* Ya tatu: *6/10. Angejitahidi zaidi.*

"Mama," alisema Brashi, "umezisahihisha?"

"Nimezikagua. Kuna tofauti."

"Zote?"

"Ningejuaje kilichokuwa kinanishinda darasani?" Mwalimu alifuta miwani kwa ncha ya kanga. "Nilianza na moja, nijue tu adui yangu anafananaje. Nikasema nitaiangalia kidogo baada ya chai. Chai ikapoa."

Brashi aliketi sakafuni bila kujitambua, katikati ya rafu. Mwanamke huyu aliwahi kumfokea mtoto mmoja mpaka tai ya mwalimu wa zamu ikajikaza. Mwanamke huyu aliwahi kusema paredi nzima ikisikia kwamba gemu ni ugonjwa wa vidole unaopanda kichwani. Na kumbe jioni zake zote, nyuma ya mlango wa chumba chake, kazi ilikuwa hiyo.

"Hii," Mwalimu alisema, akipapasa rafu bila kuangalia, kidole kikatua pale pale alipotaka, "mlima na wimbi la bahari ni mchoro mmoja. Waliugeuza juu chini. Nafasi iliwaishia. Na hii, mvua, ngoma na hatua za askari ni sauti moja ile ile, kile kikelele cha redio isiyoshika stesheni, wanaikata fupi au wanaivuta. Kimashine kina sauti chache tu, nne basi. Ukisikiliza huamini."

"Nani kakwambia yote haya?"

"Masikio yangu. Na mengine yule fundi simu wa sokoni, uliyesoma naye. Zake tatu ziko humo, akija kunisalimia anaziangalia kwa huzuni, lakini hajathubutu kuziomba. Aliniambia jambo moja sikulala vizuri. Picha moja unayopiga kwa simu yako, ya sahani ya chakula tu, inakula nafasi kubwa kuliko gemu nzima kati ya hizi. Mapango, majumba, watu wanaoongea, muziki, vyote. Vinakaa ndani ya kitu nisichoweza hata kukisikia uzito."

Brashi alipokea kaseti mkononi. Kweli, haikuwa na uzito wa kusema. Hakuwa na hasira, ingawa alikuja amejiandaa kwa hasira. Alistaajabu tu, basi, kama mtoto.

"Na rangi," alisema taratibu, akiwa amewasha kimashine na kukielekeza dirishani. Kioo hakikuwa na taa yake. Usipokipa jua kinakunyima kila kitu. "Mama, hii bahari ina rangi nne tu. Kijani cha maji, kijani, kijani kizito, na kingine karibu nyeusi. Mimi nina makopo arobaini na bado nalalamika."

"Ndiyo maana nimekuita wewe, sikumwita jirani."

Kisha Mwalimu akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Kuna jambo jingine la kukuchekesha. Gemu nyingi zinakuruhusu kuandika majina. Unajua wanafunzi wangu walimwitaje kila nguruwe, kila zimwi, kila gari la mwisho kwenye mbio?"

Brashi alijua. Aliinamisha kichwa.

"KENGELE," alisema Mwalimu. "Kabati zima. Nimeuawa kwa mapanga, kwa moto, nimetumbukizwa kwenye matope. Kuna mmoja alifuga kuku ishirini na wote ni mimi. Mwanzoni niliumia. Baadaye nikawa natafuta: haya, humu nakufaje?"

Alicheka tena, lakini Brashi hakucheka naye. Alikuwa ameona kaseti iliyokaa peke yake kwenye rafu ya juu, haina plasta, picha yake imebanduka nusu. Iliyobaki ilionyesha ukingo wa kisima na mkono mmoja ulioshika kamba.

Ilikuwa yake.

Mjomba wake ndiye aliyemletea, yeye akiwa darasa la saba, darasa la mama yake. Shuleni alimwita Mwalimu kama wenzake, nyumbani akamwita Mama, na katikati ya njia ya kurudi hakujua amwite nani. Siku hiyo alikuwa anacheza chini ya dawati, amefika mbali ambako hakuna mtoto wa mtaa ule aliyewahi kufika. Kivuli kikasimama juu yake. Mkono ukashuka. Na mbele ya darasa zima, bila kumpunguzia hata neno moja kwa kuwa ni mwanawe, Mwalimu Kengele akasema: "Utarudishiwa nikishaikagua."

Hakurudishiwa. Aliuliza mara moja tu nyumbani, akaambiwa ya shule yaishe shuleni. Hakuuliza tena. Donge likamkaa rohoni, likakua naye, likaolewa naye, likahamia naye nyumba. Walisalimiana vizuri, walipelekeana matunda, walicheka penye kuchekwa. Lakini donge lilikuwapo, na wote wawili walijua linakaa chumba gani.

"Hiyo," alisema Mwalimu. "Hiyo ndiyo kazi. Imebaki ghorofa moja ya kisima. Ya chini kabisa."

"Miaka yote hii hujaimaliza?"

"Ngumu. Na nimeiacha, nimeirudia. Zile nyingine zote nilikuwa najifunzia." Alisema hivyo kwa ukavu, kana kwamba anataja ratiba ya vipindi. "Sasa ghorofa ya mwisho wamechora kwa rangi mbili tu, zile nzito mbili. Wengine wanaona ukuta na njia. Mimi naona usiku mmoja. Jumatatu nakwenda kwa daktari. Nikirudi sijui nitarudi na nini. Nataka niimalize nikiwa bado naona hata kidogo, nikurudishie kitu chako. Nilisema nitakurudishia nikishaikagua."

Brashi alimtazama. Hapo ndipo alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kujigonga kwenye mlango wa kioo. Mtu mwingine angesema maneno yale kwa kutisha watoto, kisha mwisho wa wiki angeitoa kaseti mkobani na kuitupa kitandani: haya, chukua, usirudie. Mama yake hakuwa mtu huyo. Mama yake hajawahi kurudisha daftari ambalo hakulisoma hadi jalada la nyuma. Alikuwa amesema akishaikagua, basi akaikagua. Haikumpitia akilini kwamba angeweza kurudisha kabla.

"Mama," alisema, "ilikuwa kaseti. Haikuwa daftari. Ungenirudishia tu."

"Ningekudanganya mbele ya darasa zima?"

"Darasa zima wameshasahau. Nusu yao wana wajukuu."

"Wewe umesahau?"

Brashi aliinuka, akaitoa kaseti ile rafuni, akaichomeka kwenye kimashine.

"Basi," alisema Mwalimu, akanyoosha mkono apewe kimashine. "Leta kigoda. Kaa upande huu, upande wa jicho lililokufa. Uwe unaniambia."

Walianza. Kisima kilikuwa hivi: kuna kijiji kimeishiwa mwanga, na mtu mmoja anateremka kwenye kisima kirefu, ghorofa baada ya ghorofa, kuwasha taa za zamani zilizozimwa. Una mioyo mitano. Ukigongwa, mmoja unaondoka. Hakuna upanga. Una kamba, kiberiti, na akili yako. Na ukizima kimashine, gemu inakushika pale pale ulipo, hata kama ni hewani.

Vidole vya Mwalimu vilikuwa na mishipa iliyotuna na kiungo kimoja kilichopinda kwa chaki. Juu ya batani vilikwenda bila kelele, haraka, bila kukosea hata moja. Brashi alikuwa ameona mafundi wengi wa mikono maishani, na yeye mwenyewe mkono wake haumwangushi, lakini pale alibaki mdomo wazi. Mtu mdogo wa kwenye kioo aliruka, akajining'iniza, akajirusha na kudaka ukingo ambao Brashi hakuwa hata ameuona.

Halafu akafika gizani, akatumbukia.

"Nilikwambia uniambie," alisema Mwalimu.

"Nilikuwa natazama."

"Usitazame. Ona."

Wakaanza tena. "Ruka sasa," alisema Brashi. "Nenda kulia. Kulia, Mama! Rudi, rudi." Akatumbukia. Mara nyingine: "Subiri. Haya ruka. Hapana, ungesubiri." Akatumbukia. Jua likahama dirishani, wakasogeza kiti na kigoda, wakalifuata. Likahama tena, wakasogea tena, mpaka wakawa wamebanana kwenye kona karibu na meza ya redio.

"Nipe mimi," alisema Brashi mwishowe, shingo inamuuma. "Nipe nimalize hiki kipande tu, nikurudishie."

Mwalimu alikishusha kimashine mapajani. "Uliwahi kuona nampa mtu mwingine kalamu anisahihishie?"

"Sasa tutafanyaje? Nakwambia uruke, unaruka umechelewa."

"Kwa sababu unaniambia la kufanya. Mimi kufanya najua. Kuona ndiko sikuwezi. Wewe niambie kilichopo. Kilichopo tu, la kufanya niachie."

Brashi alivuta pumzi. Akalifikiria bango. Ukipewa ukuta, hatua ya kwanza huandiki chochote, unausoma. Nyufa ziko wapi, umelala wapi, umesimama wapi. Akafumba macho kidogo, akafumbua, akakiangalia kile kijani kizito na kile karibu nyeusi mpaka vikaachana.

"Uko kwenye kibao," alisema. "Upana wa hatua moja. Mbele yako pengo, kisha kibao kingine, chini kidogo. Juu yake kuna kitu kinapita, kinakwenda na kurudi. Sasa kiko mbali. Kinarudi. Kimefika. Kimegeuka."

Vidole vikabonyeza. Mtu mdogo akatua.

"Kuna ukuta. Kwenye ukuta kuna shimo, usawa wa kiuno. Ndani ya shimo ni peusi zaidi."

"Hapo ndipo kamba inapita," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Nimelitafuta shimo hilo kwa miaka."

Wakaenda. Brashi alisema kilichopo, na mama yake akafanya, na ikafika mahali Brashi akawa hajui tena maneno yanaishia wapi na vidole vinaanzia wapi. Tangu akiwa mtoto hajawahi kukaa karibu na mama yake hivi, bega kwa bega, harufu ya mafuta ya nywele na chaki ambayo haikumtoka hata baada ya kustaafu. Moyo mmoja ukaondoka. Wa pili. Wa tatu. Jirani alibisha hodi, hawakuitikia, akaenda zake.

"Kuna taa," alisema Brashi. "Mama, iko mbele yako. Hatua mbili. Hakuna kitu katikati."

Mwalimu hakufanya haraka. Alijiweka sawa kwenye kiti kama anayetaka kusimama mbele ya paredi. Kisha akabonyeza.

Taa ikashika. Kijani karibu nyeusi kikawa kijani kizito, kizito kikawa kijani, na mwanga ukapanda ukutani, ukapita ghorofa moja baada ya nyingine, taa zote zilizokwisha kuwashwa zikijibizana, na ile sauti ya redio isiyoshika stesheni ikageuka kitu ambacho Brashi angeapa ni maji, maji mengi yanarudi mahali pake. Yote kwa rangi nne. Yote ndani ya kitu kisicho na uzito. Mwisho kioo kizima kikawa cheupe, au karibu na cheupe kadiri kilivyoweza.

"Imewaka," alisema Mwalimu. "Hiyo naiona."

Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. Majina yakaanza kupanda, ya watu waliotengeneza gemu ile, na Mwalimu akamwomba amsomee. Brashi akasoma. Walikuwa tisa tu. Watu tisa, pengine katika chumba kimoja, ndio waliochimba kisima chote kile. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kila jina, kama anayeita mahudhurio na kumkuta kila mmoja yupo.

Jina la mwisho lilipopita, akazima, akaichomoa kaseti, akaipulizia vumbi lisilokuwapo, akamkabidhi bintiye kwa mikono miwili.

"Imekaguliwa," alisema.

Brashi aliipokea. "Na maksi? Mbona huandiki?"

"Nimekagua upande wangu. Kuna upande wako humo, pale ulipoishia, sikuugusa. Nilianza mpya chini yake."

Upande wake. Aliusahau kabisa. Gemu ile nayo ilikuruhusu kuandika jina, na yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa Mwalimu Kengele, na hakutaka watoto wenzake wadhani yuko upande wa adui. Gemu zote alizoazima aliandika kama wao. Alikumbuka kuku. Ee Mungu, wale kuku ishirini walikuwa wake.

"Hautakuwapo, Mama," alisema haraka. "Kaseti hizi kumbukumbu yake inashikiliwa na kabetri kadogo. Kakifa, kila kitu kinafutika. Miaka yote hii kameshakufa."

"Kalitaka kufa. Nikampelekea fundi, nikamwambia abadilishe bila kupoteza kitu. Akasema haiwezekani. Nikamtazama tu. Akaunganisha betri mpya kwanza, kisha akaitoa ya zamani, jasho linamtoka kama anamzalisha mtu. Imefanyika hivyo mara mbili. Chomeka."

Mama akishasema hivyo, hakuna njia ya kukimbilia. Brashi akachomeka, akapiga moyo konde, akawasha. Mistari miwili ikajitokeza. Ya chini haikuwa na jina lolote. Ya juu ilikuwa na herufi nne, kubwa, zimepangwa kwa uangalifu na mtoto ambaye hata wakati ule alipenda herufi.

MAMA.

Hakuzikumbuka. Alizitazama kama mwandiko wa mtu mwingine. Kisha, polepole, akakumbuka: mjomba ameondoka, yeye yuko peke yake kitandani na kitu kipya, na gemu inamuuliza, nani ateremke kwenye giza hili? Na katika watu wote aliowajua, alikuwapo mmoja tu asiyeogopa kitu.

"Jioni ile ile niliyokunyang'anya niliiwasha," alisema Mwalimu. Alikuwa amegeukia dirisha. "Nilishasikia mnaniua kwenye gemu zenu, nilitaka kuona humo nakufaje. Nikakuta hilo. Nimesimamia darasa miaka thelathini, sijawahi kukosa la kusema, siku hiyo nilikosa. Kurudisha hivi hivi nisingeweza. Nilitaka kwanza nijue huyo mama uliyemtuma huko chini anakwenda wapi, na kama anafika."

Brashi alisogeza kigoda, akakilaza kichwa chake kwenye goti la mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu enzi za meno ya utoto, na donge likayeyuka bila kuomba ruhusa. Mwalimu aliuweka mkono wake kwenye nywele zile zenye madoa ya rangi, akawa anaubandua kwa ukucha ukoko wa rangi nyekundu iliyokauka.

Wakakaa hivyo. Mwanga ulikuwa umebaki kipande tu, ukutani, juu ya redio.

"Haya," alisema Mwalimu, na sauti ya kuagiza ilikuwa imerudi. "Jua linakwisha. Cheza. Mimi njia naijua yote, hadi chini. Niambie kilichopo."

Brashi alijifuta uso kwa kiganja, akakielekeza kioo kwenye kile kipande cha mwanga, akabonyeza mstari wa juu. Kisima kikafunguka pale pale kilipokuwa siku ile, chini ya dawati, sekunde ile ambayo mkono ulishuka.

"Kuna kamba," alisema. "Mama ananing'inia, hajafika chini, hajafika juu. Amebakiwa na moyo mmoja."

"Mmoja unatosha," alisema mama yake. "Mteremshe."